Zeze la Nyuzi Mbili Kwenye Ukumbi wa Dhahabu

Theophil Hansen, mbunifu wa ukumbi wa Musikverein jijini Vienna, hakuwa mtu wa kubania dhahabu. Dari inang'aa, kuta zinang'aa, na sanamu za wanawake zilizopangwa pande zote mbili nazo zinang'aa. Ukumbi ulifunguliwa Januari 1870. Una viti zaidi ya 1,700, na nyuma kabisa, pasipo na kiti hata kimoja, husimama watu mia tatu hivi waliokata tiketi za bei ya chini. Hapo ndipo niliposimama mimi.

Watu wa China wanaujua ukumbi huu hata kama hawajawahi kupanda ndege. Kila Januari mosi okestra ya Vienna Philharmonic hupiga humo tamasha lake la mwaka mpya, na televisheni ya taifa ya China imekuwa ikilirusha tangu 1987. Familia iliyokaa sebuleni Harbin, theluji ikianguka nje, imeziona zile sanamu mara nyingi kuliko dereva wa teksi wa Vienna. Basi tarehe 27 Januari 1998, mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, okestra ya taifa ya ala za jadi kutoka Beijing ilipopanda jukwaa lilelile, huko nyumbani ilichukuliwa kuwa ushindi. Tangu hapo vikundi vimekuwa vikipokezana: okestra kubwa, kwaya, vikundi vya watoto, hata vya wastaafu. Ukumbi hukodishwa, na miaka ya 2010 magazeti ya China yenyewe yalianza kuuliza kwa kejeli ni nani hasa anayekaa kwenye viti hivyo, na kama tiketi zimenunuliwa au zimegawiwa.

Usiku niliokwenda mimi, viti vya mbele vilijaa Wachina waishio Ulaya, wakiwa na watoto waliovishwa koti jekundu. Wenyeji wa Vienna walikuwa wengi zaidi huku nyuma, miongoni mwetu tuliosimama.

Jukwaani mpangilio ulikuwa wa Kizungu kabisa. Pale ambapo fidla hukaa, zilikaa erhu. Katikati walikaa wapigaji wa nyuzi za kudonoa: pipa yenye tumbo la nusu pea, ruan ya duara, na yangqin, ambayo nyuzi zake hugongwa kwa vijiti viwili vyembamba vya mwanzi. Nyuma yao filimbi za dizi, sheng na suona; nyuma zaidi ngoma na patu. Na kule kulia, bila kuona haya, selo na besi za Ulaya. Ala za Kichina za kupigwa kwa uta hazina sauti nzito ya chini. Miaka ya 1950 mafundi walibuni ala mpya ya kuziba pengo hilo, gehu, lakini okestra nyingi hadi leo zimeridhika na selo.

Erhu ni zeze. Sisemi hivyo kwa kupamba: Mgogo wa Dodoma akipewa erhu atajua mara moja pa kushika. Kuna mti mrefu uliochomekwa kwenye kisanduku kidogo kilichowambwa ngozi, kuna nyuzi mbili, kuna uta. Nywele za uta, za mkia wa farasi, zimepitishwa katikati ya nyuzi hizo mbili na hazitoki humo. Chini ya vidole hakuna ubao. Uzi unakandamizwa hewani. Hukwe Zawose, aliyelizungusha zeze la Wagogo katika majukwaa ya Ulaya na Marekani hadi alipofariki 2003, aliweza kuushika ukumbi mzima akiwa na ala isiyozidi mkono wake. Erhu nayo ina uwezo huo. Vienna, baada ya vipande viwili vya kishindo, ngoma zikinguruma na okestra nzima ikikimbia pamoja, alisimama mpigaji mmoja akapiga taratibu, na kukohoa kukakoma. Mama mmoja wa makamo aliyesimama ubavuni mwangu aliniuliza kwa Kiingereza kama ameona vizuri, nyuzi ni mbili tu? Mbili, nikamjibu. Akarudi kutazama, hajaridhika.

Kisha akaja kijana wa suona.

Suona ilifika China kutoka magharibi, kwa njia za Asia ya Kati. Mzazi wake ni surna ya Waajemi, na ndugu zake ni zurna ya Waturuki na zumari letu la Pwani. Vijijini kaskazini mwa China hupigwa harusini na mazikoni. Kijana yule alipiga kipande cha ndege mia wanaokwenda kumsujudia finiksi, kipande ambacho mwaka 1953 mpigaji Ren Tongxiang alikipeleka Bucharest kwenye tamasha la vijana wa dunia na kurudi na medali ya fedha. Kuku anawika, kunguru anajibu, kitu kama chiriku kinacheka. Wazee wa Vienna walicheka kwa furaha. Wengine walinyanyua mikono nusu masikioni. Aliyekulia karibu na ngoma zenye zumari haoni ajabu: mashavu yamevimba, pumzi haikatiki, na sauti imetengenezwa kwa uwanja, si kwa ukumbi. Kwangu mimi kipande hicho kilikuwa bora kuliko simfonia zote za okestra ile, na nilisikitika kilipoisha.

Mwisho, kwa kuwa ni Vienna, walipiga Radetzky, ile machi ya Johann Strauss mkubwa ambayo hufunga tamasha la Januari mosi, na watu wakapiga makofi kufuata mdundo. Machi ya jeshi la Austria kwenye erhu na yangqin ni kitu cha kuchekesha kidogo, lakini ni adabu ya mgeni.

Mlangoni nilizungumza na mmoja wa wapigaji, mwanamume mfupi aliyekuwa akifunga erhu yake kwa kitambaa cha sufu. Nje kulikuwa na baridi kali. Ndani mabomba ya joto yalikuwa yamekausha hewa. Akanieleza kwamba ngozi ya chatu hukaza hewa ikikauka na hulegea kwenye unyevu, na kwamba mbao nazo huweza kupasuka. "Vienna erhu inapiga kelele," alisema. "Singapore inanung'unika." Katika sanduku lake alikuwa na kopo dogo la kutia unyevu, na alilichungulia kabla ya kufunga.

Ukitaka kujua okestra za aina ile zilitoka wapi, Vienna haikusaidii. Shanghai inasaidia.

Karibu na bustani ya Yu, juu ya bwawa, kuna nyumba ya chai inayofikiwa kwa daraja lenye kona tisa. Huitwa Huxinting. Jengo lilijengwa 1784, na limekuwa nyumba ya chai tangu 1855. Malkia Elizabeth wa Uingereza alikunywa chai humo 1986, na hawajamsahau. Watalii hujazana darajani kupiga picha za samaki. Orofani, kando ya meza ya mbao, wazee walikuwa wamekaa wakitazamana: erhu moja, pipa moja, filimbi, sheng, yangqin, na mmoja wa kibao cha kugongea mdundo. Huu ndio muziki wa hariri na mwanzi wa nchi ya kusini mwa mto Yangtze. Hakuna anayesimama mbele kuongoza. Hakuna karatasi ya nota. Wote wanapiga lahani moja, lakini kila mmoja anaipamba kwa njia yake: filimbi inaizungusha, pipa inaikatakata, erhu inachelewa kidogo halafu inawakuta wenzake kwenye kona. Mtu akichoka hunyanyuka akanywe chai, na mwingine hukaa mahali pake bila muziki kusimama.

Mpenzi wa taarab asilia atajikuta nyumbani. Fidla, udi, kanuni na nai hufanya vivyo hivyo: lahani ni moja, mapambo ni mengi. Wala undugu si wa kuwaza tu. Pipa na udi vinahesabiwa kuwa na nasaba moja, upande wa ala za zamani za Asia ya Kati na Uajemi. Yangqin iliingia China kupitia pwani ya kusini zama za Ming, ikitoka huko huko magharibi. Na sheng, rundo la mianzi yenye ndimi nyembamba za shaba ndani yake, ni miongoni mwa ala zilizowapa mafundi wa Ulaya wazo la ulimi unaotetema, wazo lililozaa kodiani. Nayo kodiani, baada ya kuzunguka dunia, ikaketi kwenye taarab ya Unguja. Aliyekuwa akipuliza sheng siku ile alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu. Nilitamani kumweleza habari hizo, ila mkalimani wangu alikuwa amezama kwenye simu.

Okestra kubwa ilizaliwa mji huohuo, na si zamani. Mwaka 1920 Zheng Jinwen alianzisha Shanghai jumuiya ya muziki iliyoitwa Datong, ambayo ilikusanya ala za jadi, ikatengeneza upya zilizopotea, na kuanza kuwakalisha wapigaji wengi pamoja. Wanachama wake walichukua kipande cha pipa peke yake wakakifanya cha kundi zima, na hicho ndicho kinachojulikana leo kwa jina la mto, maua na mbalamwezi usiku wa masika. Kinapigwa karibu kila safari ya ng'ambo na watu hudhani kina miaka elfu. Okestra ya Kichina ya Shanghai, ya kwanza kubwa ya mtindo wa sasa, ilianza 1952. Ya redio ya taifa ilifuata Beijing 1953, chini ya Peng Xiuwen. Kulinganisha si dhambi: kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, Unguja, kiliundwa 1905.

Kinachonivutia ni kwamba safari za nje hazikuja baada ya okestra kukomaa. Zilikuwa humo tangu mwanzo. Mwaka 1938 Wei Zhongle, mwanachama wa Datong, alikwenda Marekani na kundi la sanaa wakati nchi yake ikishambuliwa na Japani, akapiga pipa na qin, ala ya kale ya nyuzi, mbele ya watu ambao hawakuwahi kuziona. Okestra ya Peng Xiuwen ilikuwa na miaka minne tu ilipotwaa medali ya dhahabu Moscow, 1957. Kwa hiyo anayelalamika kwamba okestra hizi "zimeharibiwa" ili ziwafae wageni anasahau kuwa sikio la mgeni lilikuwa ukumbini tangu siku ya kwanza, na kwamba vijana wa Shanghai wa miaka ya 1920, waliokuwa na okestra ya Wazungu mjini mwao, walikuwa tayari wageni nusu.

Hata hivyo kuna vilivyoachwa njiani. Nyuzi za hariri zilibadilishwa kuwa za chuma, kwa kuwa hariri hukatika na sauti yake haifiki viti vya nyuma. Sheng ya mianzi 17 ikaongezwa hadi kupita 30. Shingo ya pipa, ambayo zamani ilikuwa na sauti zisizolingana na za piano, ikawekewa vigawanyo vipya vya sauti 12 zilizo sawasawa, ili okestra nzima iweze kuhama ufunguo. Hesabu ya mgawanyo huo ilifanywa na mwanamfalme wa Ming, Zhu Zaiyu, mwaka 1584, lakini wanamuziki wa nchi yake waliiacha kitabuni. Ilibidi piano ije kwa meli.

Nilimwuliza mzee wa filimbi pale Huxinting anaonaje vijana wa okestra. Alifikiri, akamimina chai. "Wanapiga sawasawa mno," alisema.

Chakula cha jioni nilikula kwa Waislamu wa kaskazini-magharibi, ambao mikahawa yao ya tambi za kuvuta kwa mkono imeenea karibu kila mji wa China. Neno "halali" limeandikwa mlangoni kwa herufi za Kiarabu. Nilitoa salamu, mwenye mkahawa akaitikia kwa sauti kubwa, akaniuliza nchi, akaniongezea nyama. Mwanawe alikuwa akivuta unga hadi ukawa nyuzi, anaugonga mezani, anaukunja, anauvuta tena. Redioni mwimbaji wa pop alikuwa analia kwa mapenzi, na nyuma yake, ukisikiliza vizuri, erhu.

Wuxi iko karibu na Shanghai kwa treni, na kila kitu huko kinatiwa sukari, hata mchuzi. Watu wanaopenda erhu huja kwa ajili ya Hua Yanjun, anayejulikana zaidi kwa jina la Abing. Alilelewa katika hekalu la Watao, akapofuka, akaishia kupiga mitaani na kwenye nyumba za chai kwa kutupiwa senti. Mwaka 1950 wataalamu wa muziki, Yang Yinliu akiwa mmoja wao, walimfuata Wuxi na mashine ya kunasa sauti kwenye waya. Abing hakuwa ameshika ala kwa muda mrefu. Ilibidi apewe ya kuazima. Wakanasa vipande sita: vitatu vya erhu, vitatu vya pipa. Walipanga kurudi kwa vingine. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefariki.

Kimoja kati ya hivyo sita kilipewa jina la chemchemi iliyo chini ya mlima Hui, pale Wuxi, na mbalamwezi inayoonekana majini mwake. Mwaka 1978 kiongozi wa okestra kutoka Japani, Seiji Ozawa, alikisikia Beijing kikipigwa na msichana wa miaka 17, Jiang Jianhua, akalia. Inasimuliwa alisema muziki kama huo unastahili kusikilizwa kwa magoti. Tangu hapo hakuna tamasha la ng'ambo linalokiacha, mara nyingi kikiwa kimefunikwa na selo, besi na ngoma. Sanamu ya Abing imewekwa Wuxi ikiwa imeinama juu ya erhu, na chemchemi yenyewe niliikuta ndani ya ukuta mdogo wa mawe, maji yake ya kijani, watoto wakirusha sarafu. Ile sauti ya waya wa 1950 inapatikana kwenye intaneti. Inakwaruza, na mwendo wake si wa kulia hata kidogo: ni wa mtu anayetembea.

Viungani, huko Meicun, kuna karakana za erhu zilizopangana mtaani. Fundi mmoja alinionyesha ngozi za chatu zilizolowekwa, akizipitisha mkononi kutafuta magamba mapana yanayolingana. Chatu wamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyamapori, kwa hiyo kila erhu hutoka na cheti chake, na anayevuka mpaka bila karatasi anaweza kuipoteza uwanjani. Okestra ya watu themanini ikisafiri, fikiria rundo la vyeti hivyo mbele ya afisa wa forodha ambaye hajawahi kuona zeze.

Hong Kong wameamua kuondoa tatizo lenyewe. Okestra ya Kichina ya Hong Kong, iliyoanzishwa 1977, ilianza mwaka 2005 kutafuta kitu cha kuwamba badala ya ngozi, na sasa erhu zake zote zina utando wa poliesta. Haziogopi baridi wala unyevu, na forodhani hazina la kujibu. Wenye masikio makali wanabishana: kwa baadhi yao sauti imekuwa safi kupita kiasi, imepoteza ukwaruzo wa mwanzo uta unapogusa uzi. Mimi niliketi mbali na jukwaa na sikuweza kutofautisha.

Nilifahamiana huko na binti anayepiga erhu, si wa okestra hiyo bali wa kikundi kidogo cha vijana kinachosafiri sana. Aliniita mwalimu, ndivyo wanamuziki wa Kichina wanavyomwita yeyote aliyewazidi umri. Tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa, ile nyeusi ya Hong Kong inayochujwa kwa kitambaa. Kila nchi wanayokwenda, alisema, hutayarisha wimbo mmoja wa wenyeji wa kuagia. Wakija Zanzibar wapige nini?

Nikamwimbia kwa mdomo kipande cha taarab ya zamani, cha maqamu ya bayati. Akaomba nirudie pale mwanzoni. Akafungua sanduku, akatoa erhu palepale mezani, akaitafuta ile sauti ya pili ambayo haimo kwenye piano, akaipata kwenye jaribio la tatu kwa kuteleza kidole kidogo sana. Muuzaji akageuka. "Erhu inaweza," binti alisema. "Pipa itabidi avute uzi pembeni. Yangqin hana la kufanya, tutampa kugonga glasi." Akaandika jambo kwenye simu. Akauliza kama wasikilizaji wetu hupiga makofi katikati ya wimbo, maana Ulaya wamezoea kunyamaza.

Nikamweleza habari ya kutunza: kwamba mtu akiguswa hainuki kupiga makofi, huja mbele akicheza taratibu na noti mkononi, na wengine humfuata, na muziki hausimami.

"Sasa mpiga erhu, mikono yake yote miwili ina kazi. Anatunzwa wapi?"

"Kwenye paji la uso."

Alicheka hadi chai ikamwagika. "Na wa suona, mashavu yamejaa upepo?"

Huyo, nikamwambia, akipiga wale ndege wake, wataanza naye.